Lazania Isiyoporomoka

Mara ya kwanza nilipopika lazania, chakula cha Kiitalia cha karatasi za pasta zinazopangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi wa nyama, sosi nyeupe na jibini, kisha kuokwa, nilikuwa na wageni wanane, na niliishia kuwapakulia kwa upawa. Tabaka zilikuwa zimeachana, mchuzi umetuama chini ya trei, na mama mkwe, kwa adabu yake yote, akauliza kama chakula kile huliwa kwa kijiko. Tangu siku hiyo nimeipika mara nyingi, na ninaamini kwamba karibu kila lazania iliyoharibika imeharibiwa na maji.

Kazi kubwa imo katika mchuzi wa nyama. Mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, ambako lazania ya namna hii ndiyo fahari ya mezani, mchuzi huo huitwa ragù, na mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya mapishi ya Kiitalia, iliuandikisha upishi wake katika chemba ya biashara ya mji huo. Kinachomshangaza mgeni ni uchache wa nyanya: huo ni mchuzi wa nyama uliotiwa nyanya, si mchuzi wa nyanya uliotiwa nyama. Wenyewe hutia pia nyama ya nguruwe na divai, vitu ambavyo nyumbani kwangu haviingii, nami hufidia kwa siagi na supu ya mifupa.

Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga, mimi hukatakata kitunguu kimoja, karoti moja na shina moja la seleri, nikavikaanga taratibu mpaka vilainike. Nyama ikiingia, hutoa maji mengi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosa subira. Iache mpaka maji yote yakauke na mlio wa kutokota ugeuke kuwa mlio wa kukaanga, ndipo utie vijiko vitatu vya nyanya ya kopo, vikombe viwili vya supu na nusu kikombe cha maziwa, kisha uache kwa moto mdogo kwa saa mbili. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia yake ikifunikwa mara moja, mchuzi bado haujawa tayari.

Sosi nyeupe ni gramu 100 za siagi, gramu 100 za unga wa ngano na lita moja ya maziwa yanayotiwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Malizia kwa kungumanga iliyokwaruzwa papo hapo. Sisi tunaoipata kutoka Unguja hatuna udhuru wa kununua iliyosagwa tangu mwaka jana.

Jibini iwe ngumu na kavu. Mozzarella laini inayouzwa ndani ya maji, ukiipenda, ichuje usiku kucha. Karatasi za pasta ukizichemsha, zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke. Zile zisizohitaji kuchemshwa ndizo pekee zinazotaka mchuzi mwepesi kidogo, kwa kuwa huunywa ndani ya oveni.

Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 40 hivi, kisha itoe na usiiguse kwa dakika 20, hata watoto wakilia. Siku hizi huitoa wageni wakiwa bado njiani, na mama mkwe hukata kipande chake mwenyewe, kwa kisu.