Usitume hilo faili Dar kabla hujalikata kwenye manila

Mkuu, simama kwanza. Umeandika kwamba faili linaondoka kesho kwenda kwa watu wa leza Dar, vipande vyote vya harusi kwa mkupuo mmoja, halafu ndiyo unauliza programu ipi inapinda maandishi vizuri, rangi gani inahimili kutu ya hapa Tanga na mteja umtoze ngapi. Hayo yatasubiri. Nimeikuza picha uliyoweka: duara la chuma la sentimita 40, juu limezungushwa "Mgeni njoo", chini "mwenyeji apone", herufi ndogo za mlazo, zote zimetobolewa. Likikatwa hivyo lilivyo, pesa ya watu imekwenda.

Hesabu matumbo ya hizo herufi, yaani zile sehemu za ndani zilizozungukwa na mstari pande zote. Mgeni ina mawili, g na e. Njoo mawili. Mwenyeji mawili. Apone manne peke yake. Jumla kumi, na yote kumi yatadondoka. Mashine inazunguka ukingo wa nje wa herufi, kisha inazunguka ukingo wa ndani, na kile kipande cha katikati hakijashikwa na kitu chochote. Kwenye kompyuta unaona o nzuri kwa sababu programu imeijaza rangi. Kwenye chuma utapata tundu. Na a ya "apone" itakuwa tundu lenye mkia ambalo hata mama mzazi wa bibi harusi hatalisoma.

Sisi tunaumia zaidi kuliko hao wanaotufundisha kwenye video. Wao mifano yao imejaa E, F, I na L kubwa, ambazo hazina tumbo hata moja, basi kila kitu kinatoka safi. Kiswahili kina irabu tano, na tatu kati ya hizo, a, e na o, zikiandikwa kwa herufi ndogo zina matumbo. Tena karibu kila neno letu linaishia na irabu. Huwezi kukwepa.

Mimi yalinikuta kwa "Karibu Nyumbani". Oda ya zawadi za sendofu, vibao vimepangwa vimebanana kwenye pleti nzima ya futi nane kwa nne, unene wa milimita 2. Pleti hiyo ina karibu kilo 47, si kitu cha kusema nitanunua nyingine kesho. Ilikatwa kwa plazma yote, ule moto mkali wa umeme na hewa unaoyeyusha chuma, bila kibao kimoja cha kujaribia. Vibao viliponyanyuliwa, chini ya meza kulikuwa na chenga za chuma: matumbo ya a, matumbo ya b. Niliokota moja la b, nikalirudisha kwenye tundu lake, likapita likaanguka tena chini. Plazma inakula kama milimita moja na nusu kila inapopita, kwa hiyo kipande kilichotoka ni kidogo kuliko tundu kilimotoka. Kukichomelea haiwezekani, ukijaza huo mwanya kwa welding, herufi yenyewe inafunikwa. Hakuna dawa. Pleti ile iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kule Ngamiani, na mwenye sherehe akarudishiwa hela yake yote.

Sasa aliyenielekeza. Alikuwa anatoza ada, anafundisha watu Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, na neno lake lilikuwa moja: geuza faili liwe DXF, aina ya faili la mistari linalosomwa na mashine za kukata, mashine inajua kazi yake. Mashine haijui kusoma! Inafuata mstari. Mtu anayefundisha kukata chuma halafu hajawahi kuonyesha kipande kikinyanyuliwa mezani, anaonyesha picha inayong'aa tu ya kompyuta, huyo anawauzia watu hasara. Na fundi wa mashine naye, Mswahili mwenzangu, anaona kwenye skrini yake b ina mistari miwili, anajua la ndani litadondoka, anabonyeza anza. Nilipouliza nikaambiwa, "Sisi tunakata tulicholetewa." Neno moja la kuuliza lingeokoa pleti nzima.

Ndiyo maana nakwambia: faili halitoki mkononi kwako mpaka ulikate kwanza kwenye karatasi ya manila, kwa ukubwa ule ule, kwa wembe, kila mstari ambao mashine ingeufuata. Duara lako la milimita 400 haliingii kwenye A3 moja, basi chapa kwenye A3 mbili uziunganishe kwa gundi. Chapa mistari mitupu, usijaze rangi. Ukimaliza kukata, shika ukingo, inua, tikisa. Kinachoanguka hapo ndicho kitakachoanguka kwenye chuma.

Manila itakuonyesha na mengine. Maandishi uliyoyapinda kwa kufuata duara la kuongozea bado yameshikamana nalo; ukilifuta duara mapema yananyooka, kwa hiyo watu huliacha ndani ya faili. Mashine italikata hilo duara kama mstari mwingine wowote, likipita sawasawa chini ya nyayo za herufi. Geuza maandishi yawe mchoro kwanza, Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape au Ctrl+Q kama unatumia programu ya CorelDRAW, ndipo ulifute. Halafu hizo herufi zako za mlazo zinazoshikana: kwenye mpindo kila herufi inageuzwa peke yake, kwa hiyo mahali pengine mikia inaachana na pengine inapandana. Zilizopandana usipoziunganisha kuwa umbo moja, mashine inakata mistari yote miwili na kukuachia vijinyoya vya chuma katikati ya neno. Kwenye Inkscape vunja kundi kwa Shift+Ctrl+G, chagua herufi zote, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha.

Matumbo yanashikwa kwa vidaraja, vipande vyembamba vya chuma vinavyoachwa bila kukatwa. Tazama herufi za stensili kwenye masanduku ya mizigo, O yake imekatika juu na chini. Ndiyo hiyo hiyo. Upana wa kidaraja kwa leza usishuke chini ya unene wa pleti, kwa plazma weka mara mbili yake au zaidi, maana kidaraja chembamba kinaungua au kinapinda kwa joto. Viweke baada ya kupinda maandishi, na vielekee katikati ya duara, kila kimoja kikifuata herufi yake ilivyoinama. Vikisimama wima vyote, macho yataona kasoro.

Ukiamua kugeuza kazi, herufi ziwe ndizo chuma na nafasi iliyozizunguka ndiyo itolewe, matumbo hayatakusumbua tena, lakini nukta zitaanguka: i ya Mgeni, j ya njoo, j na i za mwenyeji. Nne. Na kila herufi lazima iguse jirani yake au pete ya nje. Hapo pia manila itasema kweli.

Chukua na rula upime hiyo manila. Inkscape za kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017 zilihesabu pikseli 90 kwa inchi, za baadaye 96. Faili la zamani likifunguliwa kwa hesabu mpya, milimita 400 zako zinatoka 375, na hakuna atakayekuambia.

Kuhusu programu, Inkscape ni bure na inatosha. Chini ya duara geuza mwelekeo wa njia, yaani ule mstari unaofuatwa na maandishi, ili "mwenyeji apone" isisomeke kichwa chini, na uachanishe herufi kidogo, kwa sababu upande ule vichwa vinabanana, wakati juu nyayo ndizo zinabanana.

Kwa hiyo kesho usiende kupanda basi na hiyo flashi. Nenda stationery uchape, kata usiku, ukimaliza iinue dirishani mwanga upite, piga picha uiweke humu. Nitahesabu vidaraja pamoja nawe kimoja kimoja. Na hao wa Dar waambie wakate kibao kimoja tu kwanza, wakupigie picha kikiwa kimenyanyuliwa mezani. Wakikataa, tafuta wengine.