Sacheti ya "madini 72": hesabu ambayo muuzaji hataki uipige

SWALI
Shikamoo daktari. Mimi ni msimamizi wa mafundi ujenzi huku Ihumwa. Vijana wangu wanashinda juani kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, na msimu huu wa joto wanalalamika kuumwa kichwa, misuli kubana na kuishiwa nguvu. Kuna dada ameniletea boksi la sacheti 30 za unga wa elektrolaiti, yaani chumvi na madini ya mwilini, kwa shilingi 60,000. Lebo inasema zina madini 72 ya asili kutoka kwenye chumvi ya Himalaya, vitamini B zote, na hazina sukari. Kila sacheti inachanganywa na nusu lita ya maji: sodiamu mg 55, potasiamu sitreti mg 500, magnesiamu oksaidi mg 100, asidi ya sitriki na stevia ya kutia utamu. Anasema hata mtoto akiharisha anapewa, na mama yangu mwenye presha zitamfaa. Nitajuaje kama viambato hivi ni vizuri?

JIBU
Marahaba. Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa Dodoma kila mwenye koti jeupe ni daktari na nimeshachoka kukanusha.

Nakushukuru kwa jambo moja: umenakili namba. Watu huja dirishani na boksi tupu, wakanionyesha rangi yake na picha ya mlima, kisha wakaniuliza kama ni nzuri. Mlima hauna miligramu. Kuanzia Septemba hadi mvua za Desemba zishike, maswali ya namna hii hayapiti wiki bila kunifikia, na karibu yote yameegemea ile 72 yako. Nitaifikia. Tuanze na 55.

Jasho ni maji na chumvi. Kwa wastani lita moja ya jasho huondoka na sodiamu inayokaribia gramu moja. Kuna watu hupoteza nusu ya hiyo, na wengine karibu mara mbili. Yale mabaka meupe yanayobaki kwenye fulana nyeusi za vijana wako jioni ndiyo hiyo. Sasa fundi amwage jasho lita tatu, halafu umrudishie miligramu 55? Hiyo ni sodiamu ya chumvi isiyofika hata robo ya gramu, pungufu ya ile ambayo mama lishe anabana kwa vidole viwili na kuitupia kwenye yai. Slesi moja ya mkate kwa kawaida ina zaidi. Na kwa hiyo ulitakiwa kulipa shilingi 2,000.

Potasiamu inaonekana nyingi, lakini soma vizuri: imeandikwa potasiamu sitreti 500, si potasiamu 500. Sitreti nayo ina uzito wake. Potasiamu yenyewe humo ni kama miligramu 180, haifiki nusu ya ile iliyo kwenye ndizi mbivu ya wastani. Mchezo huu wa kupima chumvi nzima badala ya madini yaliyomo ni wa kawaida sana kwenye vifungashio, na hauvunji sheria ukiandikwa kama ulivyoandikwa hapo. Kazi ya kutambua umeachiwa wewe. Magnesiamu oksaidi, kwa upande wake, ina magnesiamu ya kutosha kwa uzito ila mwili huifyonza kidogo. Sehemu kubwa inabaki tumboni, na mtu akizidisha inamwendesha. Huwekwa kwa sababu ni ya bei rahisi. Asidi ya sitriki ni uchachu wa ndimu, basi. Isikuchanganye na sodiamu sitreti iliyo kwenye ORS, ule unga wa kukorogea maji ya anayeharisha, maana majina yanafanana kama mapacha na kazi ni mbali mbali.

Haya, 72.

Chumvi ya pinki inayoitwa ya Himalaya huchimbwa Pakistan, hasa mgodi wa Khewra, na wekundu wake unatokana na chuma. Zaidi ya asilimia 97 ya chumvi hiyo ni sodiamu kloraidi, ile ile iliyo kwenye kopo lako jikoni. Chukua kalamu. Kama sodiamu yote ya sacheti yako, mg 55, imetoka kwenye chumvi hiyo, basi chumvi iliyomo ni kama miligramu 140. Asilimia tatu ya 140 ni miligramu nne na kidogo. Hizo nne ndizo zigawane madini 70 yaliyobaki! Kila moja linapata punje ambayo hata mizani yangu ya dawa haiioni. Anayekuuzia idadi ya aina bila kukuambia kiasi ni sawa na fundi anayekwambia ukuta una aina 72 za malighafi, halafu ukimuuliza mifuko ya saruji anaangalia pembeni. Wewe kwenye saiti ungemfukuza.

Tena siyo kila kitu kwenye orodha hiyo ungekitaka. Orodha ndefu ambazo wauzaji wenyewe husambaza huwa na risasi na zebaki ndani yake. Kwa kiasi kidogo mno, ndiyo, hazitamdhuru mtu kwa sacheti moja. Lakini usinihesabie risasi kama faida. Na kuna linaloniuma zaidi: chumvi yetu ya kawaida dukani hutiwa madini joto, kwa sababu nchi hii ilihangaika na rovu na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa. Chumvi ya pinki mara nyingi haijatiwa. Nimekutana na akina mama waliokwishaacha chumvi yenye madini joto wakakimbilia ile ya "madini mengi", na mmoja wao alikuwa mjamzito.

Vitamini B? Mkojo utakuwa wa njano kali ndani ya saa chache. Hiyo ni vitamini B2 iliyozidi ikitoka, na umeilipia. Wauzaji huwaambia wateja kuwa sumu inatoka mwilini, na mteja akiona kwa macho yake anaamini.

"Haina sukari" ndiyo sifa ya pili inayonikera. Kwa mtu wa kisukari au anayepunguza uzito ni sifa njema. Kwa mtoto anayeharisha ni kasoro. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na zikipita, maji yanafuata. Hata mgonjwa wa kipindupindu anayeharisha maji matupu, mlango huo kwake bado unafanya kazi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi katika kambi ya Bangaon, India, walikuwa wakifa kwa kipindupindu na dripu zimeisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wanyweshwe maji yenye chumvi na glukosi. Vifo miongoni mwa waliopata maji hayo vikashuka chini ya asilimia 4. Stevia haifungui mlango huo hata umwage kilo.

Ndiyo maana pakiti ya ORS, ambayo bei yake haifikii sahani ya chipsi, ina vitu vinne tu kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, potasiamu kloraidi 1.5 na sodiamu sitreti 2.9. Hapo unapata sodiamu kama miligramu 1,700 kwa lita. Sacheti yako inatoa 110 kwa lita. Mtoto akiharisha mpe ORS pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au nusu yake kama hajatimiza miezi sita. Na aliye kwenye ziwa aendelee kunyonya. Pakiti ya lita moja iende kwenye lita moja, isiende kwenye kikombe ili "ikolee", wala isichanganywe na soda au juisi. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, usisubiri kesho, mpeleke kituo cha afya. Na ule unga wa glukosi wa dukani ambao mashangazi humkorogea kila mgonjwa haunusuru kitu hapo: ni nusu ya mlango, sukari bila chumvi.

Vijana wako sasa. Wakinywa chai asubuhi na kula mchana ugali wa uwele na mlenda uliotiwa magadi, au wali maharage wenye chumvi, wengi wao wanahitaji maji na kivuli tu. Magadi nayo ni sodiamu. Ninachokihofia ni wale wanaoruka chakula cha mchana ili wabane hela, halafu wanagida maji matupu tangu asubuhi. Hao kichwa kinaweza kuwauma kwa sababu chumvi ya damuni imezimuliwa. Kwa kazi nzito ya zege, koroga ndoo: kila lita ya maji safi tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, na vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, kisha kamulia ndimu. Kazi za kubeba ziondoe kati ya saa sita na saa tisa kadiri uwezavyo. Fundi akianza kuongea ovyo au kuyumba huku mwili unawaka, hiyo si habari ya sacheti tena. Mvue shati, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali.

Mama yako asizitumie. Sacheti moja pekee haina potasiamu ya kutisha, lakini wauzaji hawa huandikia tatu nne kwa siku, na dawa za presha kama enalapril, losartan na spironolactone hupandisha potasiamu, hasa kama figo zimeanza kuchoka. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Na zile sacheti nyingine za mtindo mpya zenye sodiamu miligramu 1,000 kila moja? Hiyo ni chumvi gramu 2.5, nusu ya kiwango cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu wa presha ni kumwagia petroli kwenye jiko.

Nakuuliza tu: huyo dada alikuja na kile kimashine cha kushika chuma kiganjani, kinachopima mwili mzima kwa dakika moja? Kama bado, atakuja nacho. Mimi nilikishika mara mbili, pale sokoni Majengo. Mara ya kwanza nilitaja umri wangu wa kweli, kikasema ini limechoka na madini 11 yamepungua. Nilirudi wiki iliyofuata kwa kijana mwingine mwenye kimashine kile kile, nikamwambia nina miaka 24. Ini likawa limepona. Elektrolaiti hupimwa kwa damu iliyovutwa kwenye mshipa, maabara, na majibu huja na namba na viwango vya kawaida pembeni, siyo na bei ya boksi.

Na hao wa kimashine wana kauli moja wanayoitoa kwa sauti ya chini, kwamba mgonjwa apumzike dawa za hospitali kwanza ili madini "yafanye kazi". Ukiisikia, mpe karatasi na kalamu, mwambie aandike hivyo na kusaini jina lake. Nimeshawapa wateja wangu ushauri huu kwa miaka, na mpaka leo hakuna aliyeniletea karatasi iliyosainiwa.