Barua kwa mwanangu: kuhesabiwa haki, kutakaswa, na mjomba wako

Weti, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika, na salamu za wazazi wa mchumba wako nimezipokea kwa furaha. Umeniuliza kama kuhesabiwa haki na kutakaswa ni jambo moja au mawili, kwa kuwa katekista wa parokia yao ya Kikatoliki amekufundisha kwamba ni neema moja, ilhali wewe ulikulia katika kanisa letu la Kianglikana ukifundishwa kuyatofautisha.

Ni mawili, ila hayaachani. Kuhesabiwa haki ni hukumu ambayo Mungu humtolea mwenye dhambi kwa ajili ya Kristo, na hukumu hiyo haina nusu wala robo. Kutakaswa ni kazi ya Roho Mtakatifu ndani ya mtu huyo huyo, inayogeuza anachokipenda, anachokichukia na namna anavyoutumia ulimi wake, nayo huenda polepole na haimaliziki maadamu mtu yu hai. Ukizifungua Ibara 39 za kanisa letu, ya 11 inasema kwamba tunahesabiwa haki kwa imani na si kwa kustahili kwetu, na ya 12 inasema kwamba matendo mema hayawezi kuondoa dhambi, lakini imani iliyo hai haikosi kuyazaa. Katekista naye hakukudanganya, kwa maana Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitamka mwaka 1547 kwamba kuhesabiwa haki si msamaha pekee, bali pia ni kutakaswa na kufanywa upya kwa utu wa ndani. Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikubaliana kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006, na Baraza la Ushauri la Waanglikana likalipokea kiini chake lilipokutana Lusaka mwaka 2016. Tofauti zimebaki, ila si za kuvunja posa.

Kilichonikosesha raha ni sentensi uliyoiandika pembeni, kana kwamba haina uzito: kwamba mtu ambaye maisha yake hayabadiliki ni dhahiri hakuhesabiwa haki tangu mwanzo. Sentensi hiyo naijua. Niliisikia siku tuliyomzika mjomba wako.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini habari za ulevi wake wa tembo, pombe ya mnazi, unazijua, kwa sababu katika nyumba yetu hazikuwa siri. Alipopata kipaimara aliacha kunywa, tukamshukuru Mungu. Kisha akarudi, akaacha tena, akarudi tena, na mama yangu akachoka kuuliza. Siku ya maziko mhubiri mgeni, ambaye hakuwahi kula naye hata mlo mmoja, alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba mlevi anayekufa mlevi hakuwa na imani, bali alikuwa na jina la ubatizo tu. Nilikuwa nimekaa na shangazi zako. Sikunyanyuka, kwa kuwa msiba una adabu yake, lakini mpaka leo nikilikumbuka neno lile mikono yangu hutetemeka.

Lililoniuma zaidi ni kwamba waliomsikiliza walikuwamo majirani zetu Waislamu, na mmoja wao alikuwa yule mzee ambaye mjomba wako alimwibia katika ujana wao. Walikuwa wakichuma karafuu za mzee huyo, na mjomba wako akawa anaficha pishi kadhaa kila msimu na kuziuza kwingine. Hakuna aliyejua. Miaka mingi baadaye, katika kipindi kile kile ambacho sisi tulimwona ameshindwa, alikwenda kwa mzee na fedha mkononi, akaeleza yote, akaomba radhi. Mzee alikuja kutusimulia sisi kilioni, jioni ya siku ile ile, kwa sababu marehemu hakutuambia. Basi niambie, mwanangu: mhubiri alitazama wapi? Alitazama chupa, na Roho alikuwa akifanya kazi kwenye karafuu.

Utaniambia kwamba Yakobo ameandika kuwa mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake, na kwamba Waraka kwa Waebrania unasema pasipo utakatifu hakuna atakayemwona Bwana. Ni kweli, wala sitaki kuzifuta aya hizo. Paulo mwenyewe, baada ya kueleza neema, anauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, na anajijibu, hasha. Mtu asiyejali kabisa kama amebadilika au hakubadilika, mimi pia ningemwogopea. Lakini Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho kwamba wameoshwa, wametakaswa na kuhesabiwa haki, nao ni watu waliokuwa wakishtakiana mahakamani, na ambao katika meza ya Bwana mmoja alikaa na njaa na mwingine akalewa. Aliwakemea vikali, ila hakuwaambia kwamba imani yao ilikuwa uongo. Hapo ndipo ninaposhikilia neno langu ambalo nyote mmelichoka: Mungu humhesabia haki asiyekuwa na haki. Limo katika Warumi sura ya nne. Tukianza kuipima hukumu yake kwa yale tunayoyaona mitaani, tumeurudisha mzigo kwenye matendo kwa mlango wa nyuma, hata tukiimba neema kila Jumapili.

Nikifika hapa moyo hunisukuma niandike kwamba mjomba wako yuko salama. Naitamani sana sentensi hiyo. Lakini nikimkataza mhubiri asikae kwenye kiti cha hakimu kwa ajili ya kuhukumu, sioni nitakaaje mimi kwa ajili ya kuachilia, ingawa naona karafuu zile zina uzito kuliko anavyodhani mtu yeyote aliyekuwapo siku ile. Namwachia Mungu, na simwachii kwa urahisi.

Katekista mwulize jambo moja kwa heshima: je, kwa mafundisho ya Trento, mtu anaweza kuwa na hakika juu ya hali ya mtu mwingine mbele za Mungu? Jibu lake uniandikie. Mahari na tarehe tutazungumza baba yako akirudi kutoka Unguja.

Mama yako