Shangazi, vitabu vya Posta vinanimalizia Jumamosi zangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kila Jumamosi nikishuka Posta najiambia leo napita tu, ila nikifika kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini pale Samora basi tena, nachuchumaa, kuja kuinuka saa nane miguu ina ganzi na mfuko una vitabu vitano. Mume wangu anasema napoteza hela, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Halafu vingine nikifika home nakuta kurasa hazipo, vingine vinanuka ukungu, na vingine vina majina ya watu, niyafute? Mama Nuru, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la simu si kweli. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapwa miaka ya 60 na 70, vya East African Literature Bureau, vya Tanzania Publishing House iliyoanza 1966, hata vile vijitabu vya elimu ya watu wazima, hakuna aliyekaa akaviingiza kwenye intaneti, vipo kwenye karatasi tu, na karatasi yenyewe ndo hiyo iliyolala chini Samora. Mimi niliwahi kununua karanga kituoni, nimemaliza nakunjua karatasi kumbe ni ukurasa wa riwaya, mwanamke yuko stesheni usiku anamsubiri mtu, treni ndo inaingia, ukurasa ukaisha. Nikarudi mbio kwa yule kijana, kitabu chote ameshakifungia karanga! Mpaka leo sijui nani alishuka kwenye ile treni, na tangu siku hiyo rundo la vitabu silipiti.

Na raha yake ni ule mchanganyiko, kitabu cha ufugaji wa kuku kimelalia diwani ya mashairi, chini yake hesabu za darasa la sita, chini kabisa ndo unavuta kitu hata hukujua kama kiliwahi kuandikwa, na muuzaji anakuambia buku mbili kama vile anakuuzia nyanya. Jamani. Masaa matatu ni machache hapo.

Kuhusu kurasa: kitabu kinachapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, mara nyingi inatoa kurasa 16 au 32 kwa pamoja, kwa hiyo uzi ukikatika linachomoka fungu zima, sio ukurasa mmoja. Usiangalie mwanzo na mwisho tu, pitisha kidole kwenye namba za kurasa, hasa katikati, ukiona imetoka 64 kwenda 81 mrudishie au akupunguzie bei.

Ukungu, anika kitabu kimefunguliwa kivulini penye upepo siku mbili tatu, sio juani, jua linakausha gundi na kurasa zinaanza kumwagika. Koga ikishakauka ifute kwa brashi kavu ukiwa nje, na usikichanganye na wenzake kabla hakijakauka kabisa.

Majina usifute mwanangu, nakuomba. Mimi ninacho kimoja kimeandikwa kwa wino wa bluu, zawadi ya mwanafunzi wa kwanza darasa la saba 1978, mwandiko umenyooka huo! Nimeandika jina langu chini ya lake, na nafasi bado ipo.