Nimerudi kazini, madaraka yangu hayajarudi

SWALI: Mhariri, mimi ni meneja wa idara ya mikopo katika taasisi moja ya fedha jijini Mwanza. Nilipokwenda likizo ya uzazi, mwenzangu aliteuliwa kukaimu nafasi yangu. Nimesharudi, lakini bado yeye ndiye anayeidhinisha mikopo, na mafaili hunifikia yakiwa yameshasainiwa. Mkurugenzi ananiambia kwa upole kwamba mtoto bado mchanga, nisijichoshe, na kwamba ananiandalia kazi ya kusimamia miradi ya kijamii. Nivumilie au nidai?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kujifungua salama. Dai, tena mapema. Huenda upole wa mkurugenzi ni wa kweli, lakini anayekaimu hushika nafasi mpaka mwenyewe arudi, nawe umesharudi. Mwandikie barua pepe fupi isiyo na lawama, utaje tarehe uliyoripoti, kisha uombe makabidhiano ya maandishi yatakayoonyesha maombi yanayosubiri, mikopo iliyochelewa kulipwa, na siku ambayo kiwango chako cha kuidhinisha kitarejeshwa kwenye mfumo. Hilo la mfumo usiliache, kwa sababu meneja wa mikopo asiyeweza kuidhinisha hata mkopo mmoja ni meneja wa jina tu. Mwenzako usimgombeze, alipewa kazi akaifanya.

Likizo uliyochukua haikuwa hisani ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, inaruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi, na inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito. Saa hizo zitumie bila kuona haya, na uziandike kwenye kalenda ya idara ili kikao cha kamati ya mikopo kisipangwe juu yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo miradi ya kijamii. Ni kazi ya heshima, yenye fulana na picha nyingi, lakini bodi inapotafuta kiongozi huangalia nani amebeba dhamana ya fedha, mikopo au mauzo. Ruth Zaipuna, kabla ya kushika uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020, alikuwa Afisa Mkuu wa Fedha wa benki hiyohiyo. Ukihamishiwa pembeni leo kwa jina la kupumzishwa, miaka mitano ijayo utaambiwa huna uzoefu.

Usipojibiwa, peleka suala kwa maandishi idara ya rasilimali watu. Wakinyamaza nao, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupokea malalamiko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kwa hiyo tunza nakala ya kila barua, na usiziache siku hizo ziishie kwenye ahadi za mdomo.