Re: Paka anakohoa, nimpe asali?

Salaam dada. Umeuliza kama paka wako aliyelamba asali ya Arua (mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda) yuko hatarini, na kama umpe kijiko kila asubuhi kwa ajili ya kikohozi.

Kwanza, ana umri gani? Kama bado ni mtoto, usimpe kabisa: asali huweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli), na tumbo changa halijaweza kuwazuia. Mkubwa mwenye afya, tone moja halitamdhuru, akizidisha ataharisha. Paka wangu hapa Ntinda, Kampala, hulamba kifuniko cha chupa na sijaona shida. Lakini kijiko kila siku, hapana. Ulimi wa paka hauonji utamu, kwa hiyo sukari hiyo yote haimfaidii chochote. Mwenye kisukari au mnene asiiguse.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kikohozi. Asali haitakitibu, huenda ni pumu au maambukizi ya mapafu, na kutoka hapa siwezi kukipima. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Akianza kuhema mdomo wazi, usingoje kesho. Na chokoleti, tafadhali, asipewe hata kipande.