Vilele vya kaunti: anzia mjini, kilima kitakungoja

Kijana mmoja wa Coventry, hapa Uingereza, ameniandikia baada ya kuona picha zangu za Slieve Donard, mlima wa Ireland ya Kaskazini. "Dada," anasema, "mimi ni wa Nyeri, mlima naujua. Hivi vichuguu vya Wazungu unavipandia nini? Na kama kweli vina maana, nianzie wapi?" Swali la kwanza limenikera kidogo, la pili limenifurahisha. Yote mawili nayajibu hapa, maana najua wengi wenu mnaonisoma mna hamu ileile ya kumaliza vilele vya kaunti zote za huku, yaani kupanda mahali palipo juu kabisa katika kila kaunti.

Mdogo wangu, na mimi kwetu ni Taita. Kilele chetu, Vuria, kina mita 2,208. Ben Nevis, ambao hakuna mlima unaoupita katika visiwa hivi vyote, una mita 1,345. Kama ningekuwa natafuta urefu, ningebaki Wundanyi nikaokoa nauli.

Nilianza na Bardon Hill, mita 278, kilele cha Leicestershire. Kilikuwa karibu na nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na nilikuwa nimechoka kutoka shifti ya usiku kuingia kitandani, kutoka kitandani kuingia shifti. Upande mmoja wa kilima hicho umeliwa na machimbo ya mawe. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wetu wa hapa. Mmoja akajibu, "Huo ni mlima ama ni lori la kokoto?" Mwingine, mtu mzima ninayemwita mjomba, akasema pesa ya basi ningeituma nyumbani. Walicheka wiki nzima. Wao wameshasahau, mimi bado.

Kilichonifunga kabisa kwenye jambo hili ni Nottinghamshire. Nilikuwa nimesoma kwamba Susi na Chuma, wale walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka kijiji cha mtemi Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, waliletwa Uingereza mwaka 1874 wakafika Newstead Abbey, jumba ambalo Livingstone mwenyewe aliwahi kukaa akiandika kitabu. Shuleni tulifundishwa "watumishi waaminifu", kisha kengele ikalia. Kumbe walikaa na kasisi Horace Waller wakimsaidia kuzielewa shajara za mwisho za marehemu. Kumbe kule Scotland walijenga mfano wa kibanda alichofia, ili wenyeji waone. Nilizunguka bustani zile polepole, najiuliza kama nao walilalamikia baridi.

Ndipo nikaenda kilimani. Silverhill, karibu na kijiji cha Teversal, ina mita mia mbili na ushei, na wapo wanaokataa kuihesabu kwa sababu ni rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe lililopandwa miti. Juu kuna sanamu ya mchimba makaa amepiga goti, ameshika taa, anapima gesi. Nikamkuta mzee mmoja na mbwa wake. Nilipomwambia nimetoka Newstead, akasema hata Newstead kulikuwa na mgodi, akaanza kunitajia migodi iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaja ndugu zake waliotangulia. Ningeanzia kilimani siku ile, tungesalimiana kuhusu mvua tukaachana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: anzia mjini. Ingia makumbusho ndogo, kanisa la zamani, maktaba, soko. Soma majina kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita. Kunywa chai mahali wanapokunywa wenyeji, usikimbilie ile mikahawa uliyoizoea. Kisha panda.

Wa pili ni kujua haki yako, na hapa nina kidonda. Nilikuwa Derbyshire, naelekea Kinder Scout, mita 636. Penye lango la shamba mtu akasimamisha gari akaniuliza kama nimepotea. Kundi zima lilikuwa limepita mbele yangu na hakuna aliyeulizwa. Ramani ilikuwa mkononi, imekunjuliwa. Nikamwonyesha mistari ya kijani iliyokatikakatika, ambayo ndiyo alama ya njia ya umma ya miguu, nikamwambia asante, sijapotea. Akaondoka bila neno.

Nilikuwa na ujasiri huo kwa sababu nilikuwa nimeanzia Hayfield, kijiji kilicho chini ya mlima. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, walipanda Kinder kwa makusudi ilhali wenye ardhi walikuwa wameufunga mlima ili wawinde ndege wao kwa raha. Watano walifungwa jela. Hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza, mwaka 1951, ikawa Peak District hiyohiyo. Sasa sisi tunakaa ndani tunasema "hayo ni mambo ya Wazungu". Mambo gani ya Wazungu? Vibarua walifungwa ili kibarua apite. Watoto wetu wanazaliwa Derby na Leicester, na kilima wanachokiona dirishani hawakijui jina! Tuamke, jamani. Kodi tunalipa.

Sasa Slieve Donard, ambayo najivunia na sifichi. Ni mita 850, kilele cha County Down na cha Ireland ya Kaskazini yote, na unaanzia Newcastle, mji wa ufukweni, kwa hiyo karibu kila mita unaipanda kwa miguu yako mwenyewe. Mama mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyenieleza habari za ule ukuta, Mourne Wall: mamlaka ya maji ya Belfast iliujenga kuanzia 1904 hadi 1922 ili mifugo isiingie kwenye vyanzo vya maji, zaidi ya kilomita 30 za mawe matupu bila saruji. "Ukungu ukishuka," akaniambia, "fuata ukuta, unakwenda mpaka juu." Ukungu ulishuka. Nikaufuata ukuta. Waliokuja kwa kutegemea simu tu niliwaacha wanazunguka bondeni. Unaona faida ya kuanzia mjini?

Jambo la visa, maana mnaniuliza kila mara. Down iko chini ya Uingereza, visa yako ya huku inatosha. Carrauntoohil kule Kerry na Mweelrea kule Mayo ziko nchi nyingine, Jamhuri ya Ireland. Kama una pasipoti ya Kenya, omba visa ya Ireland kwanza, hata kama mpakani huoni askari. Yangu naisubiri.

Na wewe wa Coventry, una bahati ya kaunti mbili. Kabla ya 1974 mji wako ulikuwa Warwickshire, ambayo kilele chake ni Ebrington Hill, mita 261. Tangu hapo mko West Midlands, na kilele ni Turners Hill kule Rowley Regis, mita 271, chenye machimbo ya mawe na milingoti miwili ya mawasiliano. Anza na hicho cha pili. Lakini kwanza pitia Dudley, kwenye Black Country Living Museum, uulizie jengo la Workers' Institute. Lilihamishwa kutoka Cradley Heath, na lilijengwa kwa pesa zilizobaki za mgomo wa 1910, pale wanawake wafua minyororo walipogoma wiki kumi wakiongozwa na Mary Macarthur mpaka wakapata kima cha chini cha mshahara. Kiingilio si cha bure, kwa hiyo ingia asubuhi. Chipsi za mle zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe na zinashibisha. Alasiri ndipo upande kilima, na uvae viatu vya matope.